Gari lako kwenda Unguja na Pemba: karatasi za kushika kabla ya kuwasha injini

Wiki iliyopita nimepigiwa simu na watu wawili, mmoja wa Kisauni na mwingine wa Vanga, na swali lao ni moja: gari lenye namba za Kenya laweza kupanda meli likafika Unguja, kisha Pemba? Laweza. Bahari si shida. Shida ni karatasi, na nyingi ya karatasi hizo hutafutwa kabla gari halijaondoka nyumbani. Mimi naishi Machakos, kilomita mia nne na zaidi kutoka Mombasa, na haya yote niliyajua kwa sababu ya Probox ya mjomba wangu.

Mjomba ni Mpemba, mzaliwa wa Kilifi. Hapa Machakos anauza samaki na nazi tangu mimi nikiwa mdogo. Wasomaji wa Pwani hawana haja ya kuelezwa maisha ya Wapemba wa Kenya yalivyokuwa kabla ya mwaka 2023, Serikali ilipowatambua rasmi kuwa raia. Bila kitambulisho hupati PIN ya KRA, na bila PIN huandikishwi kuwa mwenye gari. Kwa hivyo mjomba aliponunua gari, pesa zilitoka mfukoni mwake na jina likawa la rafiki yake, Mkamba waliyepakana naye sokoni. Hakuna aliyemdhulumu mwenzake. Kisha rafiki akafariki. Mjomba alipopata kitambulisho chake na baadaye pasipoti, jambo la kwanza alilotaka ni kwenda Pemba kuwaona jamaa za babake, na aende kwa gari lake mwenyewe.

Hapo ndipo tulipogundua kwamba kisheria hana gari.

Sheria ya Trafiki ya Kenya, Sura ya 403, kifungu cha 8, yasema kwamba mtu ambaye gari limeandikishwa kwa jina lake ndiye anayehesabiwa kuwa mwenyewe, mpaka ithibitishwe vingine. Kifungu cha 9 kinampa mnunuzi siku 14 tangu gari kubadilisha mikono. Zikipita bila jina lake kuandikishwa, gari halifai kuwa barabarani. Wengi wetu tunaendesha miaka na miaka kwa jina la mtu, na askari wa barabarani hatusumbui sana mradi bima iko. Mpakani ni mambo mengine. Afisa wa forodha anataka kujua gari ni la nani kwa sababu anamwachia mtu huyo kuliingiza nchini bila kulipa ushuru.

Kama mwenye jina yu hai, kuna njia mbili. Ya kwanza na bora ni kuhamisha umiliki kupitia mtandao wa NTSA ulio ndani ya eCitizen, muuzaji na mnunuzi kila mmoja akikubali kwa akaunti yake. Ya pili, ikiwa gari ni la ndugu au la kampuni na umeazimwa tu, ni barua ya idhini iliyotiwa saini mbele ya wakili, itaje namba ya gari, namba ya chesisi, jina lako na namba ya pasipoti yako, nchi unayokwenda na tarehe za safari. Barua ya mistari miwili iliyoandikwa usiku wa kuamkia safari itakurudisha Mombasa.

Mwenye jina akiwa amekufa, hakuna barua. Maiti hatoi idhini, na anayejitia kuandika kwa niaba yake baada ya kifo anaghushi. Gari ni sehemu ya mirathi, na njia yake ni mahakama, chini ya Sheria ya Urithi, Sura ya 160. Mjane wa marehemu, Mungu ambariki, hakukana hata mara moja kwamba gari ni la mjomba. Lakini hata ukweli wake ulihitaji mhuri. Tulianza kwa barua ya chifu inayotaja warithi, kisha maombi mahakamani hapa Machakos, kisha tangazo katika Gazeti Rasmi na kusubiri siku 30 za mtu yeyote mwenye pingamizi, kisha msimamizi wa mirathi kuteuliwa, kisha miezi sita kabla ya uteuzi huo kuthibitishwa. Ndipo msimamizi akaweza kuhamisha jina. Ukiwa na gari la namna hii na mwenye jina bado anapumua, usingoje Idi wala harusi. Nenda wiki hii.

Jambo la pili lililotuchelewesha ni kosa letu wenyewe. Injini ya Probox ilikuwa imebadilishwa gereji, na namba yake haikuwa ile iliyo kwenye logibuku. Fungua boneti, chukua tochi, soma namba ya injini na ya chesisi, linganisha herufi kwa herufi. Zisipolingana, peleka risiti ya injini na uombe NTSA ibadilishe maelezo, gari litakaguliwa. Na kama gari lina mkopo, benki au sako imeandikwa pamoja nawe kwenye logibuku, basi uwe na barua yao ya kukubali gari litoke nchini.

Bima ya kawaida ya Kenya inakomea mpakani. Unahitaji Kadi ya Njano ya COMESA, ambayo kampuni yako ya bima hukutolea juu ya bima uliyo nayo. Tanzania ilijitoa COMESA mwaka 2000 lakini ilibaki katika mpango wa kadi hii. Mwambie mtu wa bima wazi kwamba gari litapanda meli, maana kadi hiyo ni ya madhara utakayomfanyia mwingine barabarani. Gari lako likiharibika baharini haikulipi kitu. (Kuna kadi nyingine ya njano, ya chanjo ya homa ya manjano, nayo Zanzibar huidai kwa wanaotoka Kenya. Mjomba alidhani ni moja.)

Kutoka Machakos tunashuka Mombasa, tunavuka Likoni, tunashika njia ya Kwale hadi Lunga Lunga. Mpaka huu ni wa kituo kimoja: ukienda Tanzania unapita upande wa Kenya na kufanya yote Horohoro, kugongewa pasipoti na maafisa wa nchi zote mbili, kisha forodha. Hapo ndipo gari hupewa kibali cha kuingia kwa muda, chini ya Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004. Kisome kabla hujaondoka dirishani. Kina namba ya gari, jina la dereva na tarehe ya mwisho, na herufi moja ikikosewa ni wewe utakayeulizwa bandarini. Sema pale pale kwamba unafika Zanzibar, usiseme Tanga tu.

Forodha ni jambo la Muungano, kwa hivyo TRA ndiyo inayoshughulika na forodha hata visiwani. Lakini usidhani kwamba Dar es Salaam hadi Malindi, Unguja, ni kama Likoni. Magari ya bara yana namba za T, ya Zanzibar yana Z, na kwa miaka mingi kutozwa tofauti ya ushuru kwa gari linalotoka visiwani kwenda bara kumekuwa mojawapo ya malalamiko makubwa ya Muungano. Kwa hiyo gari lolote linalovuka pale hutazamwa, na lenye namba za K hutazamwa mara mbili. Bandarini wataka logibuku (wao huita kadi ya gari), kibali cha forodha, bima, pasipoti na tiketi ya gari yenyewe, ambayo ni mbali na tiketi yako. Mizigo ya biashara usiifiche ndani ya buti. Magunia ya maharagwe ya Machakos ya kuuza yana karatasi zake. Zawadi ya jamaa ni kitu kingine.

Unguja hadi Mkoani, Pemba, ni safari ya ndani. Hakuna forodha mpya, ila kibali kile kile na tiketi nyingine ya gari. Sisi huku Lamu hatuna hata hayo: gari unaliacha Mokowe na kuvuka kwa boti.

Kibali si ruhusa ya kuuza. Shemeji akilipenda gari na mkakubaliana bei, gari limekuwa bidhaa iliyoingizwa nchini na ushuru wote unadaiwa, na mdaiwa ni mwenye jina kwenye kibali. Gari likiharibika na siku zinakwisha, nenda forodha kuomba nyongeza kabla ya tarehe, ukiwa na barua ya gereji. Wakati wa kurudi, hakikisha kibali kinafungwa mpakani. Ukipita bila kufungiwa, kwao gari bado liko Tanzania, na safari ijayo utaulizwa.

Mjomba hakungoja mahakama. Safari ya kwanza alikwenda kwa basi na meli. Logibuku yenye jina lake ilitoka baadaye, na Desemba tulikwenda na Probox, tukarudi kibali kikiwa kimebakiza siku nane. Karatasi zote tuliweka kwenye bahasha moja, nakala tatu za kila moja, na bahasha ilikaa mkononi mwangu. Meli ikishang'oa nanga hutaruhusiwa kushuka tena kwenye magari kutafuta kilichosahauliwa.