Pakiti zinazopotea: jinsi ya kutafuta hitilafu katika mlango wa ruta

Tarehe 27 Februari 2019, roketi ya Soyuz iliruka kutoka Kourou, Guyana ya Ufaransa, ikiwa na setilaiti sita za kwanza za kampuni ya OneWeb. Mojawapo ilipewa jina la Icyerekezo, neno la Kinyarwanda lenye maana ya maono au mwelekeo. Jina hilo lilichaguliwa na wanafunzi wa Groupe Scolaire St Pierre, shule iliyoko Nkombo, kisiwa cha Ziwa Kivu katika wilaya ya Rusizi.

Hata hivyo, safari ya data haiishii kwenye dishi lililo juu ya paa. Mita chache za mwisho hupita katika waya na ruta, na hapo intaneti inaweza kudhoofika hata kama setilaiti ni nzima. Mahali ambapo fundi hufika kwa mtumbwi, kujua chanzo cha hitilafu kabla ya kumwita huokoa fedha na siku za masomo.

Pakiti ni nini?

Data haisafiri kama mzigo mmoja. Hugawanywa katika vipande viitwavyo pakiti, ambavyo kwa kawaida havizidi baiti 1,500 kila kimoja. Picha ya megabaiti tatu huhitaji takriban pakiti 2,000. Pakiti ikipotea njiani, kompyuta iliyoituma hulazimika kuituma upya, tena hupunguza kasi yake kwa kudhani kuwa njia imesongamana. Ndiyo maana upotevu wa pakiti chache tu huweza kuifanya huduma nzima ionekane imelala. Katika simu ya sauti hakuna nafasi ya kutuma upya: maneno hukatika.

Anza kwa kusoma hesabu

Kila mlango wa ruta ya kitaalamu huweka hesabu ya pakiti zilizoingia, zilizotoka, zilizoharibika na zilizotupwa. Hesabu hizo hujikusanya tangu ruta ilipowashwa, kwa hiyo idadi kubwa pekee haithibitishi kwamba tatizo lipo sasa. Ziandike, subiri dakika kumi wakati mtandao unatumika, kisha zisome tena. Kinachohitajika ni tofauti kati ya usomaji wa kwanza na wa pili, na aina ya hesabu iliyopanda.

Pakiti zilizoharibika

Kila pakiti hubeba namba ya uhakiki. Mlango unaopokea hukokotoa namba hiyo upya, na zisipolingana pakiti hutupwa. Hesabu ya makosa haya ikipanda, shuku kwanza vitu vinavyoshikika: waya uliopindwa, kichwa cha waya chenye kutu, maji yaliyoingia kwenye kiungo, au waya wa data uliolazwa sambamba na wa umeme. Waya wa kawaida wa shaba haupaswi kuzidi mita 100. Badilisha waya kwanza, kisha hamia mlango mwingine. Badilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja, la sivyo hutajua kilichoponya.

Milango isiyoelewana

Vifaa viwili vilivyounganishwa hupatana juu ya kasi na namna ya kuzungumza. Kimoja kikipangwa kwa mkono na kingine kikiachwa kijipange chenyewe, kimoja huweza kutuma na kupokea kwa pamoja huku mwenzake akisubiri zamu. Mtandao hufanya kazi ukiwa na mzigo mdogo, lakini huporomoka mzigo unapoongezeka. Dawa ni kuviacha vyote vijipange, au kuvipanga vyote kwa mkono kwa thamani zilezile.

Foleni iliyojaa

Ikiwa hakuna makosa, lakini pakiti zinazotupwa wakati wa kutoka zinaongezeka, waya hauna kosa. Chukua mfano wa maabara ya kompyuta yenye mtandao wa ndani wa megabiti 1,000 kwa sekunde, ilhali kiungo cha nje ni cha megabiti 20. Pakiti hupanga foleni mlangoni, na foleni ikijaa zinazofika baadaye hutupwa. Hapa kubadilisha waya hakusaidii. Panga masasisho ya programu yafanyike usiku, wekea kila kompyuta kikomo, na upe sauti na masomo kipaumbele. Kifurushi kikubwa zaidi kinunuliwe baada ya hatua hizo.

Kupima hatua kwa hatua

Amri ya ping huonyesha upotevu unaanzia wapi. Pima kwanza kutoka kompyuta hadi ruta, kisha hadi kifaa cha dishi, mwisho hadi seva ya mbali. Upotevu ukionekana katika hatua ya kwanza, lawama si ya setilaiti. Kifaa cha katikati kikikosa kujibu, lakini vilivyo mbele yake vinajibu vyote, hicho si kibovu: ruta nyingi huyapa majibu ya ping nafasi ya mwisho.

Upotevu ukianzia ng'ambo ya dishi, linganisha saa zake na hali ya hewa. Mvua kubwa hudhoofisha mawimbi ya setilaiti, na huduma hurejea inapokatika. Upotevu ukiendelea hata mbingu zikiwa safi, mpigie mtoa huduma ukiwa na saa, hesabu na matokeo ya vipimo mkononi. Taarifa hizo humwezesha fundi kujua, kabla ya kupanda mtumbwi, ni kifaa gani achukue.