Kesi zilizoharibika ndizo zilizoijenga maabara ya jinai

Mwanzoni mwa miaka ya 1830, mzee mmoja tajiri aitwaye George Bodle alikunywa kahawa ya asubuhi nyumbani kwake Plumstead, karibu na London, akaanza kutapika na kuumwa tumbo vibaya. Siku chache baadaye akafariki. Lawama zikamwangukia mjukuu wake, John. Kahawa ile ikapelekwa kwa James Marsh, mkemia wa ghala la silaha la Woolwich, naye akaipima na kuona mashapo ya manjano, dalili ya sumu ya aseniki. Kesi ilipofika mahakamani, mashapo yalikwisha kuharibika. Raia walioitwa kuamua kesi hawakuona cha kuwashawishi, na John akaachiwa huru. Baadaye alikiri mwenyewe kwamba ndiye aliyemuua babu yake.

Taratibu nyingi za maabara za sayansi jinai tunazozijua leo, kuanzia lakiri kwenye bahasha hadi sampuli zinazopimwa huku ikijulikana wazi kwamba hazina kitu, zina asili ya namna hiyo. Zilitokana na kesi zilizoharibika, na kila aibu ya mahakamani iliongeza sharti jipya.

Sumu ya panya

Aseniki ilikuwa silaha ya wauaji wengi wa Ulaya wakati huo. Iliuzwa madukani kwa bei nafuu kama sumu ya panya, haikuwa na ladha ya kumshtua mtu, na aliyelishwa alionekana kama mgonjwa wa kipindupindu. Marsh alirudi kazini, na mwaka 1836 akatangaza kipimo kipya. Kitu kinachoshukiwa kilitiwa chomboni pamoja na zinki na asidi. Kama kilikuwa na aseniki, gesi iliyotoka ilipowashwa na kuelekezwa kwenye kipande baridi cha kauri, iliacha doa jeusi linalong'aa. Doa hilo lingeweza kuhifadhiwa na kuonyeshwa mahakamani.

Mwaka 1840, katika mji wa Tulle nchini Ufaransa, Marie Lafarge alishtakiwa kwa kumlisha mumewe sumu. Wakemia wa huko walitumia kipimo cha Marsh wakatoa majibu yaliyopingana. Ndipo akaitwa Mathieu Orfila kutoka Paris, bingwa wa elimu ya sumu. Alipata aseniki katika viungo vya marehemu, lakini hakuishia hapo. Alipima pia udongo wa kaburini, ili mtu asije akasema sumu iliingia mwilini kutoka ardhini. Marie akahukumiwa kifungo cha maisha. Kutokana na kesi hiyo ikaonekana kwamba kipimo kizuri mikononi mwa asiyekizoea hakina faida, na kwamba mpimaji lazima ajiulize ni wapi pengine alichokiona kingeweza kutoka.

Swali hilo lilimponza Alfred Swaine Taylor, mtaalamu wa sumu aliyeheshimiwa sana Uingereza. Mwaka 1859, katika kesi ya daktari Thomas Smethurst, alieleza kwamba amekuta aseniki ndani ya chupa moja ya mshtakiwa. Baadaye ikambidi akiri kwamba aseniki hiyo ilitoka kwenye waya wa shaba alioutumia yeye mwenyewe kupimia. Smethurst alihukumiwa kunyongwa hata hivyo, kisha akasamehewa kosa hilo la mauaji.

Mwanamke asiyekuwepo

Zana zilibadilika. Mwaka 1910 Edmond Locard alifungua maabara ya polisi mjini Lyon katika vyumba vya darini, akishikilia kwamba hakuna mtu anayefika mahali pa tukio bila kuacha kitu au kuondoka na kitu. Mwaka 1984 Alec Jeffreys wa Chuo Kikuu cha Leicester aligundua njia ya kutofautisha watu kwa vinasaba. Katika uchunguzi wa kwanza wa mauaji uliotumia njia hiyo, kijana aliyekuwa amekiri kosa alisafishwa kabla muuaji halisi hajakamatwa.

Lakini kosa la Taylor lilijirudia miaka 150 baada yake. Polisi wa Ujerumani walikuwa wakimsaka mwanamke ambaye vinasaba vyake vilionekana kwenye matukio yapatayo 40, hadi Austria na Ufaransa, likiwemo la kuuawa kwa polisi mjini Heilbronn mwaka 2007. Zawadi ya euro 300,000 ilitangazwa. Mwaka 2009 ukweli ukajulikana: vinasaba vilikuwa vya mfanyakazi wa kiwanda kilichotengeneza vijiti vya pamba vya kuchukulia sampuli. Vijiti vilisafishwa kuua vijidudu, lakini usafishaji huo hauondoi vinasaba. Mwaka 2016 kikatolewa kiwango cha kimataifa, ISO 18385, kuhusu vifaa vya aina hiyo.

Ndiyo maana maabara makini hupima kijiti kitupu sambamba na chenye sampuli, na huhifadhi vinasaba vya wafanyakazi wake ili iwatambue wanapojitokeza kwenye majibu.

Nchini Tanzania kazi hii iko kwa Mkemia Mkuu wa Serikali, ambaye maabara yake ina mizizi katika maabara iliyoanzishwa mwaka 1895, enzi ya Wajerumani. Kwenye kesi za dawa za kulevya, mawakili mara nyingi hawabishani na mkemia kuhusu kemia. Wanauliza nani alikamata kielelezo, nani alikitunza, nani alikipeleka na kwa maandishi gani. Katika rufaa ya jinai namba 110 ya mwaka 2007, Mahakama ya Rufani ilieleza kwamba safari hiyo yote, tangu kukamatwa hadi kupimwa na kuamuliwa hatima yake, lazima iwe na kumbukumbu zinazofuatana. Kwa hiyo tunaposikia kwamba majibu ya Mkemia Mkuu yametoka, tujue yamejibu kipi. Yanaweza kusema unga huu ni heroini, au kahawa hii ina sumu. Nani aliitia sumu hiyo, hilo linabaki mikononi mwa mahakama.