Mswada Uliongoja Miaka Thelathini na Mitano

Mswada ni amana. Anayeuandika huuweka mikononi mwa watu asiowajua: mhariri, mpanga herufi, msoma prufu, mchapaji na muuza vitabu, na mmoja wao akikosekana, amana hulala. Fasihi ya Afrika Mashariki ina miswada mingi iliyolala hivyo. Mmoja uliolala muda mrefu ulizaliwa katika nchi ya Ziwa, mbali na mwambao, lakini ukaja kuamshwa na lugha ya mwambao.

Aniceti Kitereza alizaliwa mwaka 1896, katika ukoo wa watawala wa kisiwa cha Ukerewe. Alipokuwa kijana, wamisionari walimpeleka ng'ambo ya Ziwa, kwenye seminari ya Rubya, katika nchi ya migomba yenye Izimbya, Kamachumu na Bukoba, ambayo leo ni mkoa wa Kagera. Huko Rubya alijifunza Kilatini na lugha nyingine za kigeni, na akazoea kupima neno moja kwa neno jingine kabla ya kuliandika. Hakufikia upadri. Alirudi kisiwani, akaoa, akafanya kazi ya mikono na ya kalamu. Lakini mazoea ya darasani hayakumtoka.

Padri Almas Simard, mzaliwa wa Kanada aliyetumikia misheni ya Kagunguli, ndiye aliyemhimiza aandike mila za Wakerewe zisije zikapotea. Kitereza hakuandika orodha ya mila. Aliandika riwaya, kwa Kikerewe, akaikamilisha mwaka 1945: habari ya Myombekere na mkewe Bugonoka, wapendanao wasiojaliwa mtoto, na ya Ntulanalwo na Bulihwali waliozaliwa baada ya dhiki na tiba nyingi. Humo mna ulimaji, uvuvi, dawa za miti, adabu za ukweni na upishi wa pombe ya ndizi, vyote vimeelezwa hatua kwa hatua, na mtu aliyesahau aweza kujifunza upya.

Kazi ilikuwa tayari, mchapaji hakuwapo. Mfano wa karibu waonyesha jambo hili lilivyokuwa. Mwaka 1949 F. X. Lwamgira wa Kiziba, kaskazini ya Bukoba, alitoa historia ya nchi yake kwa Kihaya, *Amakuru ga Kiziba*, ikapigwa chapa Kashozi, katika kiwanda cha Rumuli cha misheni. Lwamgira alikuwa na mtambo mlangoni na wasomaji wengi wa lugha yake. Kitereza alikuwa na riwaya ndefu, lugha ya kisiwa kimoja, na hapakuwa na mtambo wa kuipokea. Si ubora uliowatenganisha hawa wawili. Mchapaji hupiga hesabu ya karatasi na wanunuzi, na mbele ya hesabu hiyo Kikerewe kilionekana hasara tupu. Simard alianza kuifasiri kazi hiyo kwa Kifaransa, akafariki kabla ya kuimaliza.

Mwishoni mwa miaka ya 1960 mwanahistoria Mmarekani, Gerald Hartwig, alifika Ukerewe kufanya utafiti, akamkuta mzee huyo na mswada wake. Mwaka 1972 aliandika makala yaliyomtambulisha kwa wasomi wa nje. Wakati huo Kitereza, aliyekwisha kupita miaka sabini, alikuwa ameshika tena kalamu na kuifasiri riwaya yote kwa Kiswahili. Mtu aelewe uzito wa kazi hiyo. Kujifasiri ni kujihariri: kila sentensi yarudi mbele ya hakimu, na hakimu ni yule yule aliyeitunga. Jina la mti lisilo na mwenzake katika Kiswahili liachwe au lielezwe? Salamu ya mkwe ifupishwe kwa ajili ya mgeni, au mgeni afundishwe kungoja? Kitereza alichagua kumfundisha mgeni kungoja.

Mwaka 1980 Tanzania Publishing House ilitoa *Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, Ntulanalwo na Bulihwali*. Miaka 35 ilikuwa imepita. Kitabu kilipigwa chapa China, na mwaka 1981 mtunzi akafariki kabla nakala hazijamfikia mkononi. Baadaye riwaya ilipata wasomaji wa Kijerumani katika mabuku mawili, la 1991 na la 1993, na wa Kifaransa. Na mwaka 2002 Gabriel Ruhumbika, mwandishi aliyezaliwa Ukerewe, alitoa tafsiri ya Kiingereza aliyoifanya moja kwa moja kutoka Kikerewe. Hilo la mwisho lisingewezekana kama mswada wa kwanza ungetupwa siku ulipopatikana wa pili. Mhariri mwema hafuti njia aliyopitia.

Na deni hili limelipwa pande zote mbili. Kiswahili cha pwani kilimbeba mtu wa Ziwa. Na mtu wa Ziwa naye akaja kuzihudumia tenzi za pwani. M. M. Mulokozi, mwana wa Kagera na mchunguzi wa tendi za Kihaya ziimbwazo kwa nanga, mwaka 1999 alihariri *Tenzi Tatu za Kale*, zikiwamo Al-Inkishafi na utenzi wa Mwanakupona. Wapenzi wa ushairi wanajua ugumu wake. Hati ya Kiarabu ina alama tatu za irabu, na Kiswahili kina irabu tano. Nakala moja yapunguza ubeti, nyingine yaongeza. Vina hulinda neno hapa, mizani hulikana pale. Mhariri hana budi kuchagua, na kumwambia msomaji kwamba amechagua.

Jina la mtu wa kazi hiyo huandikwa kwa herufi ndogo, au lisiandikwe kabisa. Lakini miswada ingali katika masanduku ya visiwani na ya nchi za Ziwa, mchwa nao hawangoji. Kitereza alipata msomaji wa kwanza mwenye subira akiwa mzee, na kitabu alikikosa kwa muda mchache tu. Wako watunzi wengine, wazee kama alivyokuwa yeye, ambao mswada wao hadi leo haujasomwa na mtu wa pili.