Ubao na Mbao

Sarufi inasema mbao ni wingi wa ubao. Karakana inasema zaidi. Anayejitengenezea ubao mrefu wa magurudumu huanza na mbao: tabaka nyembamba, pengine saba za mti wa maple, zilizopakwa gundi na kubanwa juu ya kalibu iliyobinuka hadi zikauke. Tabaka nyingi hulazwa nyuzi zikifuata urefu. Moja au mbili hukingama, ili kitu kisipasuke katikati. Kikitoka kwenye kalibu, kikakatwa na kupigwa msasa, ndipo kinaitwa ubao. Kwa anayeanza, ubao wa urefu wa mita moja hivi unafaa: hutulia barabarani kuliko ule mfupi. Nami nashikilia tuuite ubao. “Sketibodi” haituonyeshi mti wala kazi ya mkono.