Siasa ndani ya michezo ya video: Kisa cha Blitzchung

KISA cha Blitzchung ni mzozo uliozuka Oktoba 2019 kati ya kampuni ya Blizzard Entertainment ya Marekani, ambayo huunda michezo ya video, na wachezaji wake wa nchi mbalimbali. Chanzo chake kilikuwa adhabu aliyopewa mchezaji mmoja wa Hong Kong kwa kutoa kauli ya kisiasa hewani.

Mzozo huo ulipamba moto kwa wiki chache tu. Hata hivyo, hadi leo hutajwa kila linapozuka swali la iwapo mchezaji ana uhuru wa kusema katika uwanja ambao ni mali ya kampuni.

Blitzchung ni jina la mchezoni la Ng Wai Chung, mmoja wa magwiji wa Hearthstone. Huo ni mchezo wa karata ambao huchezwa kwa tarakilishi au simu, na ambao Blizzard iliuzindua mwaka 2014. Mashindano yake hupeperushwa moja kwa moja kupitia intaneti, kukiwa na watangazaji na mahojiano baada ya mechi, kama ilivyo katika kandanda.

Kauli yenyewe

Tangu Juni 2019, Hong Kong ilikuwa imetikiswa na maandamano ya kupinga mswada ambao ungeruhusu washukiwa kupelekwa China bara kushtakiwa. Mnamo Oktoba 4, Kiongozi wa Hong Kong Carrie Lam alitumia sheria ya dharura kupiga marufuku uvaaji wa vinyago katika mikutano ya hadhara.

Siku mbili baadaye, Blitzchung alishinda mechi katika ligi ya Grandmasters, kanda ya Asia na Pasifiki. Alijitokeza kuhojiwa akiwa amevaa kinyago cha kujikinga na gesi pamoja na miwani ya waandamanaji, kisha akapaza sauti akitaka Hong Kong ikombolewe na kutangaza mapinduzi ya zama zao. Watangazaji wawili waliokuwa wakimhoji waliinamisha vichwa na kujificha nyuma ya meza.

Mnamo Oktoba 8, Blizzard ilimpiga Blitzchung marufuku ya miezi 12, ikamnyima zawadi yote ya fedha aliyokuwa ameshinda katika msimu huo, na kukatiza uhusiano wake na watangazaji hao wawili.

Kampuni hiyo ilirejelea kanuni ya mashindano inayokataza tendo lolote ambalo, kwa uamuzi wa kampuni pekee, linamshushia mchezaji hadhi, linaudhi kundi fulani la watu au linachafua sifa za Blizzard. Uzito wote umo katika maneno hayo "kwa uamuzi wa kampuni pekee", kwani hayakumwachia mchezaji nafasi ya kujitetea.

Wachezaji waja juu

Ghadhabu ilisambaa mtandaoni kwa kasi ya moto nyikani. Wachezaji walitangaza kususia michezo ya Blizzard, na wengine wakafuta akaunti walizokuwa wamezitunza kwa miaka mingi. Mei, mhusika mwenye asili ya China katika mchezo wa Overwatch wa kampuni iyo hiyo, alichorwa upya akiwa na vazi la waandamanaji, na picha zake zikaenea kila pembe.

Katika makao makuu ya kampuni mjini Irvine, California, kikundi cha wafanyakazi kilitoka nje kikiwa na miavuli, ambayo ni ishara ya harakati za Hong Kong tangu 2014. Wanafunzi wa American University mjini Washington nao waliinua bango la kutaka Hong Kong iwe huru na Blizzard isusiwe, wakiwa katikati ya mechi. Walipoona hawakuadhibiwa mara moja, walilalamikia ubaguzi huo. Baadaye nao walipigwa marufuku ya miezi sita.

Suala hilo lilifika hata kwa wanasiasa. Mnamo Oktoba 18, wabunge watano wa Congress, miongoni mwao Seneta Marco Rubio wa Republican na Mbunge Alexandria Ocasio-Cortez wa Democratic, waliiandikia kampuni hiyo barua wakiitaka ibatilishe uamuzi wake. Ni nadra kwa wawili hao kutia saini waraka mmoja.

Mkono wa soko

Wakosoaji walidai kuwa Blizzard ilihofia kuikasirisha China. Ili mchezo wa kigeni uuzwe huko, sharti upate kibali cha serikali na upitie kwa kampuni ya wenyeji. Mshirika wa Blizzard ni NetEase, na wakati huo kampuni nyingine ya China, Tencent, ilikuwa na takriban asilimia 5 ya hisa katika kampuni mama, Activision Blizzard.

Rais wa Blizzard wakati huo, J. Allen Brack, alikanusha madai hayo. Mnamo Oktoba 11, alisema kuwa uhusiano na China haukuathiri uamuzi huo. Alipunguza marufuku hadi miezi sita, akamrejeshea mchezaji zawadi yake, na watangazaji nao wakapewa adhabu ya miezi sita. Novemba 1, katika kongamano la BlizzCon mjini Anaheim, Brack aliomba radhi kwa jinsi suala hilo lilivyoshughulikiwa. Adhabu, hata hivyo, hazikufutwa.

Kampuni nyingine zilichukua misimamo tofauti. Riot Games, inayomilikiwa na Tencent, iliwaagiza wachezaji na watangazaji wake wajiepushe na mambo ya siasa na dini hewani. Mkuu wa Epic Games, Tim Sweeney, alisema kampuni yake haitamwadhibu mchezaji kwa maoni ya kisiasa, ingawa Tencent ina hisa huko pia.

Tofauti na michezo mingine

Siasa michezoni si jambo geni. Mwaka 1968, wanariadha Tommie Smith na John Carlos walifukuzwa katika Olimpiki za Mexico kwa kuinua ngumi jukwaani. Lakini mbio hazina mwenyewe, na hakuna kamati iwezayo kumzuia mtu kukimbia. Katika michezo ya video, kampuni moja ndiyo mwenye mchezo, uwanja, refa na zawadi. Ikimfungia mchezaji akaunti, amefungiwa fani yake yote.

Wachezaji wa China walionja uchungu huo kwa njia nyingine. Mkataba wa Blizzard na NetEase ulipokwisha Januari 2023, michezo mingi ya kampuni hiyo ilizimwa nchini humo hadi 2024. Activision Blizzard yenyewe ilinunuliwa na Microsoft Oktoba 2023.

Kwa kijana anayetamani kushiriki mashindano haya, funzo ni kusoma masharti kabla ya kuyakubali, kwani yatakayomhukumu ni hayo, na mwenye kuyafasiri ni kampuni. Silaha aliyobaki nayo mchezaji ni sauti na pesa zake. Mwaka 2019, zilipotumiwa na wengi kwa pamoja, zilitosha kupunguza adhabu lakini hazikutosha kuiondoa.