Mji Ndani ya Mji: Mabibo na Historia ya Kujitegemea

Katika lugha yetu neno "mji" lina maana mbili. Ya kwanza yajulikana na kila mwanafunzi: mahali penye nyumba nyingi, barabara, masoko na ofisi za serikali. Ya pili hutumiwa zaidi na wazee wa mashamba. Kwao mji ni maskani ya mtu na jamaa zake, yaani nyumba, uwanja uliofagiwa, jiko, kisima, miti ya matunda na makonde yaliyo karibu. Mzee akisema "mji wangu", hana maana ya Dar es Salaam wala Tanga. Ana maana ya pale alipozika wazazi wake na kupanda minazi yake. Insha hii yakusudia kueleza jinsi mji wa maana ya pili ulivyoishi pembezoni mwa mji wa maana ya kwanza, mpaka huu mkubwa ukaumeza ule mdogo. Mfano wetu ni Mabibo.

Leo Mabibo ni sehemu ya Manispaa ya Ubungo, nayo imezungukwa na Manzese, Mburahati, Kigogo na Makuburi. Nyumba zimesongamana, na mgeni aweza kupita asione hata konde moja. Lakini jina lenyewe ni jina la shamba. Mabibo ni wingi wa bibo, tunda la mbibo, mti ambao wengine huuita mkorosho au mkanju. Mti huo asili yake ni Brazil, nao uliletwa katika pwani yetu na Wareno katika karne ya 16. Ulipofika haukubaki mgeni. Ulikubali mchanga wa pwani usiokubali mazao mengi, ukavumilia kiangazi, ukawa mwenyeji kati ya wenyeji.

Wenyeji wa nchi hii, tangu kabla Seyyid Majid wa Unguja hajaanza kujenga Dar es Salaam katika miaka ya 1860, ni Wazaramo. Hawakuishi katika vijiji vikubwa vilivyobanana. Miji yao ilitawanyika, nyumba tatu hapa, nyumba tano kule, kila mji na makonde yake. Nyumba ilijengwa kwa nguzo na fito zilizofungwa kwa kamba, ikakandikwa udongo, ikaezekwa makuti. Vifaa vyote hivi vilipatikana kwa mwendo mfupi wa miguu. Wanaume walikata miti na kusimamisha nguzo. Wanawake na watoto waliteka maji na kukanyaga udongo. Majirani walialikwa, na mwenye nyumba aliwapikia. Nyumba haikununuliwa kwa fedha, bali haikuwa ya bure. Ililipiwa kwa deni la mikono: aliyesaidiwa leo alijua kwamba kesho ataitwa.

Mwaka wa mkulima uligawanywa na mvua. Kabla ya masika makonde yalifyekwa na kuchomwa moto. Mvua za Machi zilipoanza, mbegu zilitiwa ardhini. Mpunga ulipandwa mabondeni, kama lile la mto Msimbazi na vijito vyake. Juu, kwenye mchanga, ulipandwa muhogo, na katikati ya muhogo mkulima alichanganya kunde, fiwi, mbaazi na mahindi. Wataalamu wa kikoloni mara nyingi waliliona konde la namna hiyo kuwa ni fujo. Kumbe lilikuwa na hesabu yake. Kunde zilifunika ardhi na kuirutubisha. Mahindi yaliliwa mapema wakati ghala ni tupu. Na muhogo ulibaki ardhini miezi mingi, ukawa ghala lisiloliwa na panya. Jua lilipoharibu mpunga, muhogo uliokoa watu. Mizizi ililiwa ya kuchemsha au kuchoma, au ikakatwakatwa na kuanikwa ikawa makopa, kisha ikatwangwa na kusongwa bada. Majani yakawa kisamvu kilichoungwa kwa tui.

Na tui lilitoka kwenye mnazi, ambao ulikuwa nusu ya utajiri wa mji wowote wa pwani. Nazi ilikunwa kwenye mbuzi. Kifuu kikawa upawa au kuni. Makumbi yakasokotwa kamba. Makuti yakaezeka nyumba. Njiti zake zikafungwa ufagio. Mbibo nao haukutupwa kitu. Tunda lililiwa shambani na watoto, ambao nguo zao zilirudi na madoa yasiyotoka. Korosho zilikaangwa kwa uangalifu, kwa sababu mafuta ya ganda lake huunguza ngozi. Matawi makavu yakawa kuni. Kivuli chake kikawa mahali pa kusukia mikeka na pa kusuluhishia ugomvi.

Hata hivyo tusiyapambe maisha hayo kuliko yalivyokuwa. Kazi nyingi ya kila siku iliwalemea wanawake. Ndio walioamka alfajiri kwenda kisimani, wakapalilia, wakakata kuni, wakatwanga kwa kinu na mchi, wakapika jioni wakati wengine wamekwisha kukaa barazani. Nguruwe na nyani walivamia makonde, na katika msimu watu walikesha kwenye madungu wakilinda mazao. Ukame ulikuja, na njaa ilikuja pamoja nao. Kujitegemea kwa mji mdogo kulikuwa kujitegemea kwa watu waliojua kwamba mtu peke yake hawezi.

Ndiyo maana ni kosa kudhani kwamba mji huo ulijifungia. Chumvi, nguo, jembe la chuma na samaki vilitoka nje. Chakula kilipimwa kwa kibaba, na vibaba vinne vikafanya pishi; kuwapo kwa vipimo hivyo ni ushahidi kwamba watu waliuziana, walikopeshana na walilipana. Dar es Salaam ilipokua, hasa baada ya Wajerumani kuifanya makao makuu ya utawala wao mwaka 1891, miji ya jirani iligeuka kuwa jiko lake. Muhogo, nazi, matunda, makuti, kuni na mkaa viliingia mjini kila siku, vingi vikiwa vichwani mwa watu.

Tofauti kubwa ni hii: kuuza kwa hiari ni jambo moja, kuuza kwa kulazimishwa ni jambo jingine. Mwaka 1897 serikali ya Kijerumani ilitangaza kodi ya nyumba. Tangu hapo kila mwenye nyumba alihitaji fedha, apende asipende. Mwaka 1902 utawala huohuo ulianzisha katika wilaya ya Dar es Salaam mashamba ya pamba yaliyosimamiwa na majumbe, na wananchi wakatakiwa kuyafanyia kazi siku 28 kwa mwaka kwa malipo duni mno. Siku 28 zaonekana chache kwa mtu wa ofisini. Kwa mkulima anayesubiri mvua, siku hizo zikiangukia wakati wa kupanda au kupalilia, ni tofauti kati ya ghala lenye chakula na ghala tupu. Mpango huo wa pamba ulihesabiwa baadaye miongoni mwa sababu za Vita vya Maji Maji vilivyoanza mwaka 1905. Kilichoibwa hakikuwa ardhi peke yake. Kiliibwa pia kile kisichorudishwa, yaani wakati wa jembe.

Sasa tuje kwenye jambo lililo kiini cha historia ya Mabibo na sehemu zilizofanana nayo: mti na haki. Kwa desturi ya pwani mti na ardhi vilikuwa vitu viwili. Mgeni aliweza kuomba konde akapewa, alime muhogo na kunde, avune na kula. Lakini hakuruhusiwa kupanda mnazi wala mbibo bila idhini ya mwenyeji. Sababu yaeleweka. Muhogo huondoka baada ya mavuno; mnazi hukaa miaka mingi kabla ya kuzaa, na ukishazaa waweza kuishi kuliko aliyeupanda. Apandaye mti asema, "Nipo, na wanangu watakuwapo." Mti ulikuwa hati ya shamba kwa watu wasiokuwa na hati ya karatasi.

Wazo lililo karibu na hilo lilielezwa na Mwalimu Julius Nyerere mwaka 1958, alipopinga ardhi kufanywa bidhaa ya kuuzwa kwa anayeweza kulipa. Alishikilia kwamba binadamu hakuiumba ardhi. Kilicho chake ni kile alichokiongeza kwa jasho lake. Baada ya Uhuru, mwaka 1963, umilikaji wa ardhi wa kudumu ulioachwa na wakoloni ulifutwa. Msingi huo ulilinda wananchi wengi wasinyang'anywe na wenye fedha. Lakini ulikuwa na upande wa pili, ambao watu wa pembezoni mwa jiji waliuonja. Ardhi ilipotwaliwa kwa ajili ya viwanda, vyuo au makazi, fidia ilihesabiwa kwa maendelezo: nyumba, minazi, mibibo, miembe. Ardhi tupu haikuwa na bei. Mwenye miti mingi alipata kitu. Mjane aliyelima muhogo na mpunga kila mwaka aliweza kuondoka na kidogo sana, ijapokuwa konde lake ndilo lililokuwa likimlisha. Sheria ya Ardhi Namba 4 ya mwaka 1999 ndiyo iliyokiri kwamba ardhi yenyewe ina thamani, na kwamba fidia iwe kamili, ya haki na ya haraka. Kwa sehemu kubwa ya Mabibo sheria hiyo ilikuta makonde yamekwisha kuwa viwanja.

Mabadiliko yalikuja kwa kasi. Mwaka 1957 watu wa Dar es Salaam walihesabiwa 128,742. Mwaka 1967 walikuwa 272,821. Jirani na Mabibo, kiwanda cha nguo cha Urafiki, kilichojengwa kwa msaada wa China, kilifunguliwa mwaka 1968, na wafanyakazi wake walihitaji vyumba vya kupanga. Mabibo kwenyewe kukawa na Chuo cha Taifa cha Usafirishaji, kilichoanzishwa mwaka 1975. Mwenyeji aliyekuwa akivuna nazi akaona kwamba chumba kimoja cha kupangisha champa fedha za hakika kila mwezi. Akakata mnazi mmoja, kisha wa pili. Hakuna haja ya kumlaumu. Alikuwa akijitegemea kwa njia ambayo mji mpya ulimfundisha.

Ajabu ya historia ni kwamba jembe halikufa. Ukame wa 1973 na 1974 ulileta upungufu wa chakula nchini, na serikali ikahimiza Kilimo cha Kufa na Kupona. Baada ya vita dhidi ya Idi Amin vya 1978 na 1979, bidhaa ziliadimika na mishahara ikapungua nguvu. Mwaka 1983 ilikuja kampeni ya Nguvu Kazi ya kuwapeleka mashambani wasio na kazi mijini. Lakini watu wengi wa mji, wakiwamo makarani na walimu, walikuwa wamekwisha kushika jembe bila kusafirishwa: mchicha mabondeni, matembele nyuma ya nyumba, kuku uani, ng'ombe mmoja wa maziwa bandani. Serikali nayo ikalikubali jambo hilo, na mwaka 1992 zikatolewa kanuni za kilimo cha mijini. Maarifa ya mji wa zamani yalikuwa yamerudi katika mji mpya kwa mlango wa nyuma.

Yapo mafunzo hapa kwa walimu na wanafunzi. Azimio la Arusha na Elimu ya Kujitegemea, vyote vya mwaka 1967, vilitaka shule ishikamane na kazi. Katika baadhi ya shule jembe liligeuzwa kuwa adhabu ya mchelewaji, na kujitegemea kukawa neno la kukaririwa. Lakini mji wa Mabibo ya zamani haukulifahamu jembe kwa namna hiyo. Methali isemayo "Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe", ambayo Mwalimu aliitumia mwaka 1962 alipoeleza ujamaa, haimwadhibu mgeni. Humtoa katika ugeni. Anayepewa jembe amekubaliwa kuwa mtu wa mji huo: atalima, atakula, na siku ya kujenga nyumba yake ataitiwa watu.

Mwaka 2022 Mkoa wa Dar es Salaam ulikuwa na watu 5,383,728. Hatuwezi kuwarudisha wote kwenye makonde ya muhogo, wala hilo si shabaha ya insha hii. Leo Mabibo yenyewe ina soko mashuhuri la ndizi, na ndizi hizo hazikuota Mabibo. Huletwa kwa malori kutoka mikoa ya mbali. Mahali palipolisha mji sasa palishwa na wakulima wasioonekana. Mwanafunzi alaye ndizi hiyo ajiulize nani ameilima, kwa bei gani, na ardhi yake italindwaje jiji la huko nalo litakapoanza kupanuka.

Na kama katika mtaa wake umebaki mbibo mmoja au mnazi mmoja kati ya kuta za matofali, amwulize mzee aliye karibu nani aliupanda. Atakalojibiwa litakuwa jina la mtu, na huenda nyuma ya jina hilo ukawapo mji mzima: nyumba, kisima, konde na makaburi. Aliandike na kulihifadhi. Mti huo ulikuwa hati, na hati yapaswa kusomwa kabla haijakatwa.