Posta ya Malawi na Watu Wasio na Sanduku

Posta ya Malawi ilianza mwaka 1891, nchi ilipokuwa himaya changa ya Waingereza. Stempu zake za mwanzo zilikuwa za kuazima: zilikuwa za kampuni ya British South Africa, zikagongwa juu yake herufi B.C.A., yaani British Central Africa. Barua za kwenda Ulaya zilishuka mto Shire, zikaingia Zambezi hadi bandari ya Chinde. Kusikofika mashua, mifuko ilibebwa na matarishi kwa miguu. Historia imetunza majina ya maofisa kuliko ya matarishi hao, ingawa wao ndio waliostahili kutajwa kwanza.

Makao makuu ya nchi yalihama Zomba kwenda Lilongwe mwaka 1975, lakini makao makuu ya posta yako Blantyre. Sheria ya mawasiliano ya 1998 ikafungua njia ya kutenganisha posta na simu, na mwaka 2000 likazaliwa Shirika la Posta la Malawi. Benki ya Akiba ya Posta, ambamo watu wa kipato kidogo waliweka senti zao, ilikuwa imekwisha kugeuzwa Benki ya Akiba ya Malawi mwaka 1994.

Mwaka huohuo wa 1994, wilayani Dowa, kaskazini ya Lilongwe, mahali palipokuwa gereza la wafungwa wa kisiasa wa enzi ya Kamuzu Banda, rais wa kwanza, pakafunguliwa kambi ya wakimbizi ya Dzaleka. Ilikusudiwa watu elfu kumi na kidogo. Leo wamo zaidi ya 50,000, wengi wao wametoka Kongo, Burundi na Rwanda.

Malawi barua huenda kwenye sanduku, na asiye nalo huomba kutumia la shule, kanisa au mwajiri. Kwa mwenyeji huo ni usumbufu tu. Lakini aliyekimbia usiku kutoka Uvira au Fizi, kule Kongo, ndugu zake hawajui hata kama yu hai. Wataandika sanduku lipi?

Pengo hilo limezibwa na Msalaba Mwekundu. Ujumbe wake ni karatasi isiyofungwa, yenye habari za familia peke yake: nani mzima, nani amefariki, nani amezaa. Badala ya sanduku huandikwa jina kamili, jina la baba, la mama na mahali mtu alipojulikana mara ya mwisho. Kisha wafanyakazi na watu wa kujitolea humtafuta mwenyewe, kambi kwa kambi. Naihesabu kazi hiyo kuwa posta kamili, tena posta katika maana yake ya ndani kabisa.

Salamu zimehamia WhatsApp, hawala zimehamia huduma za simu za Airtel Money na Mpamba. Ila simu nayo inataka namba, na waliotawanywa na vita mara nyingi hawana namba za wenzao. Kwa hiyo, ndugu msomaji, kama una mtu uliyepoteana naye njiani, nenda kwa Msalaba Mwekundu ulio karibu nawe, uandikishe majina ya wazazi wake kama anavyoyatamka mwenyewe, pamoja na kijiji chake.